Barua Niliyoikataa Bila Kuiona

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri, nami nimenunua daftari. Miaka minne nimekuwa nikiandika mambo yangu kwenye kompyuta, lakini tangu Ijumaa kompyuta hii siielewi. Nilikuwa natafsiri maelezo ya dawa ya shinikizo la damu, mikono yote miwili juu ya kibodi, mara mshale ukachomoza pembeni mwa skrini, ukatembea taratibu hadi kona ya juu, ukasimama, ukarudi. Nikatazama kipanya. Kilikuwa kimetulia kwenye kitambaa chake kama mtu asiyehusika.

Daftari ni geni, kwa hiyo nilipe habari. Nina miaka thelathini na saba. Natafsiri vile vikaratasi vinavyokunjwa mara nane ndani ya maboksi ya dawa, ambavyo hakuna anayevisoma. Nafanyia nyumbani kwa sababu ya Mama. Kiharusi kilimpata miaka minne iliyopita. Mkono na mguu wa kushoto haviamki, mkono wa kulia unafanya kazi ya miwili, na ulimi haukuguswa hata kidogo. Alikuwa katibu muhtasi kwa miaka ishirini na minane, na mpaka leo ukiandika orodha ya sokoni anaiomba, anaisoma, anakurudishia ikiwa imesahihishwa.

Kompyuta iko chumbani kwake. Aliinunua Kaka, akaja kuipanga mwenyewe, mimi nikikaa nimempa Mama mgongo na skrini ikitazama kitanda. Alisema Mama atachangamka akiona mtu anafanya kazi. Kaka amenizidi miaka tisa. Anaishi mji mwingine, safari ya siku mbili kwa basi, na kazi yake ni mitambo ya kompyuta kwenye kampuni kubwa. Tangu utoto tunamwita Injinia, kwa kuwa nyumbani kwetu hapakuwa na redio iliyobaki na skrubu zake zote. Pasiwedi zangu zote alizitunga yeye.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi na mbili niliomba nafasi kwenye chuo kinachofundisha wakalimani wa hospitali. Mwaka mmoja na nusu, bweni humo humo. Jibu linakuja kwa barua pepe kabla ya tarehe kumi na tano mwezi huu. Mama Mdogo, mdogo wake Mama, ni mjane, yuko ng'ambo ya mto, na mara mbili amesema angependa kuja kukaa na dada yake maana nyumba imemzidi ukubwa. Nikipata, nitasema. Nisipopata, hakuna aliyesikia. Katika familia yetu neno likishatoka mdomoni linaitiwa kikao.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta imetoa onyo jekundu: virusi kumi na moja. Nimempigia Kaka.

"Usiguse kitu," akasema. "Naingia."

Anayo programu ya kuingia akiwa kwake. Nikakaa na mikono mapajani nikitazama mshale ukifungua na kufunga milango ya kompyuta yangu, kama mtu anayepekua kabati la mwenzake huku mwenyewe amesimama pale pale. Baada ya nusu saa akasema amesafisha.

"Januari ulimpelekea nani?"

Nikamwambia kibodi ilikufa, nikampelekea Mama Chaji, fundi wa barabara ya juu.

"Ndiye huyo. Hao wa mtaani wanakubadilishia kibodi, wanakuachia na ugonjwa. Usimpelekee tena, mdogo wangu. Mimi nipo."

Nimemshukuru, na shukrani yenyewe ilikuwa ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kurasa tisa za dawa ya minyoo.

Jumapili, 9 Machi

Mawifi zangu ni wawili. Mmoja ni mke wa Kaka, mwingine ni ule wa intaneti. Wa intaneti hukatika mvua ikinyesha. Mke wa Kaka hakatiki lakini hasikiki. Leo nimeongea naye dakika mbili kwenye simu ya mumewe, kila swali akajibu "tunashukuru," halafu simu ikarudi kwa Kaka.

Kaka akaniuliza, "Hizo karatasi za dawa hazijakuchosha kweli?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi sokoni. Nimerudi nikamkuta Mama ana simu mkononi na macho mekundu. Anasema ni vumbi. Mvua ina siku tisa, vumbi hilo limetoka wapi?

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna barua. Nimefungua sanduku la barua pepe mara ishirini. Barua mbili za kazi zilikuwa zimeshafunguliwa kabla sijazifungua. Labda nilizifungua nikasahau.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna barua.

Jumatatu, 17 Machi

Bado. Chumba changu kinavuja sehemu tatu, nimehamishia godoro chumbani kwa Mama. Sasa nalala humo, nafanya kazi humo, namwogesha humo, nakula humo. Kutoka ni hadi kibarazani, na kibarazani kuna ukuta wa maji.

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa namvalisha Mama, nikaona kitaa kidogo juu ya skrini kimewaka kijani. Kile cha kamera. Kikazimika. Nimekibandika plasta ya kidonda.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka amepiga saa tatu asubuhi. "Kamera yako imeharibika?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema programu ya kinga humletea taarifa kitu kikizibwa, na kwamba kuiziba ndiko kunakoifanya kinga ilegee. "Huyo mwanamke wa duka ameacha mlango wazi. Sasa kuna mtu anaingia na kutoka kama kwake. Bandua hiyo plasta nimkamate."

Nikabandua. Halafu nikachukua mwavuli nikaenda kwa Mama Chaji, na lililofuata naliandika ili nisije nikalipunguza siku za mbele.

Alianza kwa kuchajia watu simu, jina likamganda. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa uzi shingoni. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, na watu wanne walikuwa wakingoja wamejibanza kukwepa mvua.

"Umeweka nini kwenye kompyuta yangu?"

"Kibodi, dada."

"Nakuuliza kitu kingine ulichoweka. Kuna mtu ananiingilia ndani, na wa mwisho kuigusa ni wewe. Watu wanakuletea vitu vyao kwa imani, wewe unawauza."

Mama Chaji aliweka kibano chini, akavua miwani.

"Ilete niifungue mbele yako."

"Ili uchukue kilichobaki?"

Mteja mmoja alinyoosha mkono akachukua simu yake iliyokuwa juu ya kaunta, akaitia mfukoni. Nilimwona Mama Chaji akimwona.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Sijisikii kuandika.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepiga simu chuoni. Nilitoka kibarazani na kufunga mlango, maana siku hizi naona kama chumba kina masikio. Nikanong'ona, mvua ikinizidi sauti, mpaka karani wa udahili akasema kama sitaki kusikika kwa nini nimepiga.

Nikamtajia jina na namba ya ombi. Nikasikia kibodi yake.

"Wewe ulikataa nafasi."

"Samahani?"

"Tulikukubali. Barua ilitoka tarehe kumi na moja, saa mbili na nusu asubuhi. Ukajibu siku hiyo hiyo, saa nne na dakika arobaini na mbili. Barua nzuri kabisa. Nikusomee?"

Akanisomea barua yangu. Ilikuwa barua ya mtu aliyelelewa: salamu, shukrani, masikitiko. Ilisema hali ya nyumbani imebadilika. Halafu ikasema, "Mama yangu hapati usingizi mpaka asikie nimefunga mlango wa nyuma."

Nikamwomba airudie. Akairudia.

Mlango wa nyuma umevimba kwa unyevu, sharti uupige bega ndipo kitasa kiingie. Mama huniambia karibu kila siku: nikisikia ule mlango ndipo nalala. Mwizi wa mtandaoni aliyeko sijui wapi hawezi kuujua mlango wetu wa nyuma.

"Si mimi niliyeandika," nikamwambia karani.

"Dada, kila mwaka napata wanaobadili mawazo mara mbili."

"Kuna mtu ameingia kwenye kompyuta yangu."

Sauti yake ikapungua ukali. Akasema nafasi haijapewa mwingine bado, kamati inakaa tarehe kumi na nne Aprili. Nilete ushahidi wa maandishi, kwa karatasi. "Maana barua pepe ikija kwa jina lako sasa nitajuaje ni wewe?"

Nimerudi ndani. Mama akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema, na ofisi. Nikaketi mbele ya kompyuta, kamera ikinitazama, nikatafsiri madhara ya dawa ya mzio: kizunguzungu, midomo kukauka, wasiwasi usio na sababu.

Ijumaa, 28 Machi

Naficha daftari hili chini ya nepi za Mama. Huko hakuna atakayepeleka mkono.

Sijabadilisha chochote mbele ya kamera. Nachana nywele, nacheka na Mama, napiga miayo. Sijawahi kupiga miayo kwa uangalifu hivi.

Jumapili, 30 Machi

Nimewaza watu wote walioufikia mlango wa nyuma. Mpaka sasa ni wanne, na mmoja ni marehemu Baba.

Jumanne, 1 Aprili

Nimewaambia Mama na Kaka kwamba umeme wetu una hitilafu. Nikachomoa kompyuta yote, nikaiweka kwenye kiti cha magurudumu cha Mama, nikaifunika koti lake la mvua mpaka juu, nikaisukuma barabara ya juu. Jirani mmoja aliyekuwa akikimbia mvua alitupita akakiamkia kiti, "Shikamoo Mama." Nikasema marahaba.

Dukani hapakuwa na wateja. Tangu siku ile wamepungua, nami najua ni kwa mdomo wa nani.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema, "na nimekuja na kazi. Ukitaka, chukua kimoja ukatae kingine."

Mama Chaji alilitazama koti lile lililokuwa likitona maji. "Radhi nitaipokea mwisho. Weka mashine hapo."

Hakuunganisha intaneti. Alifanya kazi saa mbili, akiandika vitu kwenye karatasi. Mwisho akanivutia kiti.

"Hao virusi kumi na moja uliowaona, ni picha tu ya onyo. Imetengenezwa. Hii mashine ni safi kuliko yangu. Haina ugonjwa, dada. Ina mtu."

Akanionyesha moja moja. Programu ya kuingilia kutoka mbali, ambayo nilidhani haifunguki mpaka niruhusu, imepangwa isiombe ruhusa. Kila barua inayoingia kwangu, nakala inakwenda kwingine. Tarehe kumi na moja Machi, saa nne na dakika thelathini na tano, mtu aliingia. Akatoka saa nne na dakika hamsini. Jina alilotumia lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo: injinia.

"Unamfahamu?"

"Ni kaka yangu."

Mama Chaji aliinuka akafunga mlango wa duka.

"Kuna kingine. Naomba ukitazame wewe, mimi nitageuka."

Lilikuwa faili la picha. Kamera ilikuwa ikipiga kila baada ya dakika kumi, tangu siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza. Picha ni chumba chetu. Mimi mdomo wazi nikifikiria neno. Kitanda nyuma yangu. Mama amelala. Mama anakula. Mama nimemkalisha ukingoni, beseni liko chini, hana nguo, mkono mzima ameushika ule usioamka ili usidondoke. Miaka minne ya hizo.

Nilifunika skrini kwa kiganja, kama vile kiganja kinaweza kuziba.

Mama Chaji akaniandikia ripoti, tarehe na saa, akagonga muhuri wake. Nilipomwomba tena radhi alisema, "Nimepokea. Lakini ulinisema mbele ya watu, utanisafisha mbele ya watu." Nikamwambia nitafanya hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo mchana nimemwambia Mama. Nilipanga maneno tangu asubuhi, nikaanza na Kaka, jinsi alivyoingia, jinsi alivyojifanya mimi. Mama alinisikiliza akitazama dirisha. Nilipofika kwenye barua akanikatisha.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Alinisomea. Ulikuwa sokoni. Alisema ameona barua, unataka kuondoka bila kutuambia, na kwamba anaandika ya kukataa." Akalamba midomo. "Uandishi wake mbovu. Alikuwa ameandika kama mtu anayeomba mkopo. Nikamsahihishia."

"Ulimsahihishia."

"Nilimpa salamu za mwanzo. Na ile ya mlango. Nilimwambia aweke nukta, yeye alikuwa ameweka koma tupu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nimegeuka, na kwa mara ya kwanza nikakiona chumba kama anavyokiona yeye: meza, na mgongo wangu, kila siku, miaka minne. Nilitaka kupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ungesema utabaki. Ungebaki kwa kunionea huruma, na mimi ningekuona unavyonionea. Hivi ungebaki ukidhani ni wao waliokukataa." Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. "Niliogopa, mwanangu. Usiku na mchana naogopa. Wewe hujui ilivyo kulala na huwezi kugeuka."

Kwa miaka minne mimi ndiye ninayemgeuza, kila siku, kila usiku. Sikumjibu hivyo. Nilisema, "Kuna picha."

Nikamweleza. Sikumwonyesha, sikuwa na moyo huo, ila nilimwambia kila kitu, hata beseni. Alinitazama mdomoni kana kwamba ananisoma.

"Na yeye anaziona?"

"Zinakwenda kwake."

Mama alivuta shuka kwa mkono wake mmoja mpaka shingoni. Chumbani tulikuwa wawili tu na kompyuta imezimwa sakafuni, lakini alijifunika na hakujifunua tena mpaka jioni.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajasema neno. Amekataa kuoga. Nimefunga pazia, nimetoa meza chumbani, nimemwonyesha ukuta mtupu. Amekataa tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa nne asubuhi akasema, "Niletee karatasi isiyo na mistari."

Nilimkalisha kwa mito, nikamwekea trei mapajani. Karatasi ilikuwa ikiteleza kwa kuwa mkono wa pili hauwezi kuishika, nikataka kuishika mimi. Akasema hapana, nibandike plasta pembe zote nne, nitoke. Nilikaa kibarazani saa tatu nikitazama mvua. Aliponiita, karatasi tatu zilikuwa zimekunjwa sakafuni na moja ilikuwa safi.

Ameandika yeye ni nani, cheo alichostaafu nacho, na kwamba barua ya tarehe kumi na moja Machi iliandikwa na mwanawe wa kiume na kusahihishwa na yeye mwenyewe, bila binti yake kujua. "Binti yangu hakuwahi kukataa nafasi hiyo. Tuliikataa sisi, kwa woga." Akasaini, saini ile ile ya ofisini yenye mkia mrefu.

"Isome kama ina makosa," akaniambia.

Nikaisoma. Haikuwa na makosa.

Halafu akaomba maji ya kuoga.

Jumapili, 6 Aprili

Kaka amepiga, mara ya tano tangu nichomoe mashine. Nimepokea.

"Kompyuta iko kimya siku tano. Kuna nini?"

"Shikamoo Kaka. Nimesomewa barua yangu ya kukataa chuo."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Sikia, mdogo wangu. Baba alipofariki aliniachia nyinyi. Mimi niko siku mbili. Ningefanya nini? Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua, nawaona mmeamka, nashusha pumzi. Mara ngapi nimekaa na kikombe cha chai nikiwatazama tu. Hujui raha yake."

"Ungepiga simu."

"Kwenye simu mnasema hamjambo."

"Na picha za Mama akioga?"

"Zile zinapigwa zenyewe. Mimi sizitazami zile."

"Unazijua zipi ni zipi bila kuzitazama?"

Sauti ikabadilika, ikawa ile ya mtu anayeeleza mitambo. Akasema nyumba ni ya ukoo, mashine ni yake, na nikiondoka nisije nikamlaumu mtu Mama akizidiwa. Akasema tutaitisha kikao. Nikamwambia kikao kilishakaa, tarehe kumi na moja, saa nne na dakika arobaini na mbili, na mimi nilikuwa sokoni.

Nilikuwa nampenda. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti, na sikumbuki alikiachia lini.

Jumatatu, 7 Aprili

Daraja limefungwa kwa magari. Mto umeng'oa ukingo mmoja. Kituo cha mabasi kiko ng'ambo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Bahasha ya chuo, ripoti na barua ya Mama ndani, iko mezani. Siku zinahesabika na mimi niko upande usiofaa wa maji.

Jumatano, 9 Aprili

Wanaruhusu watembea kwa miguu, kumi kumi, wakishika kamba. Mama Mdogo amevuka asubuhi kuja kukaa na dada yake, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka kiunoni. Nilikuwa nimemweleza yote kwenye simu. Aliingia chumbani, akamtazama Mama, akamwambia, "Dada, nasikia umerudi kazini," akaenda kuanika sketi. Mama alicheka bila kupenda.

Bahasha niliifunga mifuko miwili ya plastiki nikaivaa tumboni chini ya blauzi. Katikati ya daraja unasikia maji yakipiga miguuni ingawa hayakugusi, vyuma vinakupa taarifa. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alisimama akakataa kuendelea, tukangoja wote, kamba mkononi, mpaka akili zikamrudia. Nilikuwa naogopa, lakini mwezi huu nimeogopa vitu vibaya zaidi nikiwa nimeketi kwenye kiti.

Dereva wa basi aliipokea bahasha akaandika kwenye kitabu: karatasi, moja. Nikamwambia ziko mbili. Akafuta akasahihisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Kamati inakaa leo. Nimefua kila kitu kinachofulika, na hakuna jua la kuanika.

Jumatano, 16 Aprili

Karani amepiga simu mwenyewe. Wamenirudishia nafasi. Nifike tarehe kumi na mbili Mei. Kisha akasema, si kwa sauti ya ofisi, "Barua ya mama yako, kamati waliisoma mara mbili. Mwenyekiti akauliza nani alimfundisha kuandika hivi."

Nilimwambia Mama. Akaomba kurudiwa hiyo ya mwenyekiti, kisha akageuza uso ukutani.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Chaji saa ambayo watu ni wengi. Nikasema mbele ya watu saba kwamba nilimsingizia, na kwamba aliyeniingilia alikuwa ndugu yangu. Hilo la pili halikuwa sehemu ya deni, ila bila hilo, la kwanza lisingeeleweka. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Ndugu yako wa damu?" Mama Chaji akamwambia angoje zamu yake.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi, mke wa Kaka, amenipigia kwa namba nisiyoijua. Yuko kwenye kibanda cha simu karibu na kazini kwake. Aliongea haraka, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimaliza sentensi.

"Huyo fundi wako, anafungua na simu za mkononi?"

"Anafungua."

"Niambie maneno ya kumwambia fundi wa huku. Sijui kitu kinaitwaje."

Nikamtajia, akaandika. Nilimuuliza tangu lini. "Tangu harusi," akasema. Miaka kumi na moja nimemhesabu kuwa ana maringo.

Jumapili, 4 Mei

Jua, siku nzima. Mama Mdogo amehamia na masanduku matano. Wameshagombana kuhusu dirisha.

Kaka hajapiga tangu Aprili. Mama naye hajampigia. Jana nilimwona ameishika simu, kidole juu ya namba yake, muda mrefu. Sikumwambia apige wala asipige.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwenye basi, herufi zinarukaruka.

Asubuhi nilimwogesha Mama mara ya mwisho kwa sasa, nikamvalisha gauni la kijivu alilolichagua. Mama Mdogo alimsukuma hadi mlangoni. Begi langu lilikuwa dogo. Kompyuta nimemwachia Mama Chaji aiuze vipande vipande.

Nilipiga goti nimuage. Akanishika kola, akainyoosha, kisha hakuiachia.

"Umenisamehe?"

Mama Mdogo alijifanya anatafuta kitu mkobani. Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno jepesi, na mtu anayesafiri anapenda kuondoka bila mzigo moyoni.

"Bado, Mama," nikasema. "Najaribu."

Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiangalia karatasi kabla ya kuipeleka kwa mkubwa wake. Nilidhani atalia. Aliachia kola, akapiga kifua changu mara mbili kwa kiganja, pole pole.

"Sawa," akasema. "Ungesema ndiyo nisingekuamini. Nenda, basi litakuacha."

Nimekwenda. Nimelia kuanzia darajani mpaka mji wa pili, na mama mmoja aliyeketi kando yangu akanigawia nusu ya kanga yake kufutia uso bila kuuliza kitu. Sasa nje ni mashamba, mimi sijapita huku maishani, na hakuna mtu duniani anayejua hasa niko wapi saa hii. Nimeliwaza hilo mara kadhaa, nikingoja liniogopeshe.